Uwele wa Mwaka wa Jiwe

Nikiwa bado mtoto wa darasa la nne, nyumbani kwetu Mlali, redio ilitangaza kwamba jiwe kubwa la angani lingepita karibu na dunia. Mwalimu wetu alituchorea ubaoni: jua katikati, njia ya dunia kulizunguka, na njia nyingine iliyorefuka kama yai, ikiikaribia yetu mahali pamoja. "Linazunguka jua kama sisi tu," alisema. "Litapita mchana, wala hamtaliona."

Bibi, mama yake baba, hakutaka kusikia hayo. Kwake nyota ngeni ilikuwa na mwiko: ikiwa inapita, ardhi haichimbwi. Anayeifungua ardhi kwa jembe anamfungulia mtu wake kaburi. Sijui aliutoa wapi mwiko huo. Sijausikia kwa mtu mwingine. Lakini baba alimwamini. Alikusanya majembe yote akayafungia chumbani kwa bibi.

Mvua ikanyesha wiki hiyo hiyo.

Asiyelima Ugogoni hawezi kujua maana yake. Mwaka uliotangulia tulivuna mabua matupu. Mvua ya kwanza kwetu haimsubiri mtu. Ikikukuta hujapanda, ya pili huenda isije. Majirani walikuwa mashambani tangu alfajiri, sisi tumekaa uani tunatazama udongo ukikauka.

"Baba Nyemo," mama alimwambia, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "hawa watoto watakula nini?"

"Subiri lipite."

"Udongo hausubiri."

Siku ya jiwe, baba alipokwenda kutafuta ng'ombe aliyepotea, mama aliazima jembe kwa jirani. Alichimba vishimo, nami nikamfuata nikidondosha mbegu za uwele na kufukia kwa mguu. Mdogo wangu Elia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia, alichezea tope pembeni. Juu kulikuwa na mawingu tu. Hatukuona chochote kikipita.

Siku chache baadaye Elia akashikwa na homa. Alipoanza kutetemeka na kugeuza macho, baba alimbeba, tukatoka mbio kwenda zahanati. Mvua ilikuwa imepiga milimani. Korongo lililokata njia yetu limejaa maji mekundu yanayokokota miti mizima. Baba alimwachia mama mtoto, akaingia kupima kina. Maji yakamsukuma, akarudi. Akajaribu juu zaidi, akarudi tena, safari hii akitambaa. Aliwapigia kelele watu wa ng'ambo, nao wakatuinulia mikono tu. Bati la zahanati tuliliona kutoka pale tulipokuwa. Elia alifia mikononi mwa mama, pale ukingoni, maji yakiwa hayajapungua hata kidogo.

Msibani bibi alilia tu. Aliyesema ni baba.

"Nilikukataza."

Uwele ulipochipua mama alikwenda kuupalilia peke yake, na hakuna aliyemzuia. Ulizaa mwaka ule kuliko miaka yote ninayoikumbuka. Tuliula sote, baba pia, bibi pia. Mama alisonga ugali, akatupakulia, kisha akatoka nje. Yeye alikula walichompa majirani.

Sasa baba na bibi wamefariki, na mama anaishi kwangu Miyuji. Majuzi nilisoma kwenye simu kwamba jiwe lile limezunguka jua na linarudi upande wetu. Sikutaka kumwambia, lakini jirani mmoja alikuja kulisimulia sebuleni. Alipoondoka, mama aliniuliza:

"Nyemo, lile jiwe lilituona siku ile?"

"Halikutuona, mama. Halijui kama tupo. Lina njia yake tu. Elia aliuawa na homa, na korongo lisilo na daraja."

Nilidhani nampunguzia mzigo. Uso ulimshuka.

"Bora lingetuona," alisema.

Miaka yote nimeuchukia mwiko ule kwa kumfanya mama ajione amemuua mwanawe. Sikujua kwamba huo ndio ulikuwa umempa sababu ya kifo kile, na kwamba alikuwa ameishikilia. Mimi nimekuja kumpokonya. Nilichoweza kumpa badala yake ni jiwe linalozunguka jua bila kumjua yeyote kati yetu, na sioni kama hicho ni kitu cha kumpa mama.