Ua Niliouchagua Bila Kuuliza

Nilirudi nyumbani Kanja baada ya miaka mingi, mwezi wa saba, msimu wa baridi na ukungu, nikaelekea moja kwa moja kwenye pengo la ua wa mpakani ili nimsalimu jirani yetu, mama mzee wa rika la nyanya yangu. Pengo halikuwapo. Mahali pake palisimama safu ya saipresi zilizobanana, ndefu kuliko paa la jikoni. Nilisimama hapo, rafiki yangu, kama mtu aliyefungiwa mlango wa chumba alimozaliwa.

Ua wa utoto wangu ulikuwa wa lantana. Ulinuka kwa ukali ulipokatwa, matunda yake meusi yalitupaka ndimi rangi, na juu yake nyanya alianika mashuka. Kila mvua zilipokwisha, yeye na jirani waliupunguza pamoja, kila mmoja upande wake na panga lake, huku nduma zikichemka jikoni kwa jirani.

"Unakata kama mtu anayenyoa mbuzi!" jirani alimtania.

"Na mbuzi mwenyewe yuko upande wako," nyanya alijibu.

Ninayoikumbuka zaidi ni siku ua huo ulipopandwa. Nyanya alinibebesha fungu la lantana, kaiyaba yenye miiba na mche mmoja wa saipresi, tukavuka hadi kwa jirani. Shamba letu liko mashariki mwa lake; jua la asubuhi humfikia likipitia kwetu. "Chagua wewe," nyanya alimwambia, "maana kivuli kitaangukia kwako." Jirani alikataa kaiyaba kwa ajili ya miguu yetu watoto. Alikataa saipresi kwa ajili ya jua, ambalo lilimkaushia maharagwe na kumpasha magoti moto. Akachukua lantana. "Basi ua ufike kifuani," nyanya akasema. "Ukipita macho, tumeshaachana."

Leo nyanya hayupo. Baba mdogo amerithi shamba na kujenga nyumba ya mawe pale, na nilimkuta barazani akinywa chai.

"Mtaalamu wetu! Umeona vile zimekubali? Siku hizi nakunywa chai bila mtu kunihesabia vikombe."

"Na jirani, baba?"

"Yeye ako kwake, mimi niko kwangu. Kwani nimevuka mpaka?"

Hakuwa amevuka. Hilo ndilo lililonichoma: kwamba mtu anaweza kubaki ndani ya mpaka wake, bila kosa lolote mbele ya sheria, na bado akamnyang'anya mwenzake asubuhi yake. Nilifungua kinywa nimkemee, naye akacheka.

"Unanikasirikia nini? Si ni wewe ulinichagulia?"

Ilikuwa kweli. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, nikisomea misitu, alinipigia simu akitaka mti wa ua unaokua haraka, mrefu, usiopitisha jicho. Nilimjibu papo hapo: saipresi. Nilimpa hata nafasi ya kuacha kati ya shimo na shimo, nikajiona msomi. Nilijua udongo wa Kanja na mvua zake. Sikuuliza ni nani anayeishi upande wa pili, ilhali nilikua nikila nduma zake.

Nilizunguka kwa barabara. Jirani alikuwa ameketi kando ya barabara, mahali pekee palipombakia na jua, maharagwe yake yameanikwa juu ya gunia.

"Karibu, mgeni," alisema.

"Mimi si mgeni, nyanya."

"Anayekuja kwa barabara ni mgeni. Wa nyumbani hupita kwa ua."

"Nyanya, zile saipresi ni mimi niliyezichagua."

Bodaboda ilipita, vumbi likatua juu ya maharagwe. Aliyapangusa kwa kiganja, polepole.

"Si ungeniuliza tu, mtoto wangu? Kivuli ni changu."

Jioni hiyo nilimsihi baba mdogo azikate hadi kifuani. Alikataa, akasema miti ni yake, na shamba ni lake. Lantana imeng'olewa, pengo limezibwa, na sijasikia tena mtu yeyote akibeba miche hadi kwa jirani na kusema, "Chagua wewe." Mimi niliyesomeshwa miti ndiye niliyepaswa kulirithi neno hilo.

Asubuhi iliyofuata nilizunguka tena kwa barabara. Jua liliposogea, jirani alishika upande mmoja wa gunia, nami nikashika upande wa pili, tukalifuata jua.