Mama Gololi na habu inayokwenda nyuma

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa bati unasukumwa na taa ndefu ya darini inawaka kwa kusitasita. Mwanamke mwenye mabega mapana anavaa aproni ya ngozi, anakaza kilemba chake kisije kikadakwa na mashine, kisha anabana kipande cha chuma cha mviringo kwenye mashine ya kukereza.

Chuma kinazunguka. Anakisogeza kisu taratibu kwa mkono wa kulia, na nyuzi za chuma zinajikunja na kudondoka miguuni mwake zikiwa bado za moto. Mume wake, fundi cherehani ambaye chumba chake cha kazi kiko ukuta wa pili, anajua kwamba mashine ikishaanza kukata hakuna kubisha hodi.

"Mgeni akija namwambia asubiri," anasema mume. "Hata kama mgeni mwenyewe ni mama yake mzazi."

Wateja wanamwita Mama Gololi, kwa sababu mifuko ya aproni yake haikosi zile gololi ndogo za chuma zinazolainisha mzunguko wa gurudumu. Anachokereza asubuhi hii ni habu, yaani kitovu cha gurudumu la baiskeli, pale spoki zote zinapoanzia. Lakini habu zake si za baiskeli ya kwendea dukani.

Anawatengenezea vijana wanaocheza na baiskeli zisizo na friwili. Hao huruka ngazi, huzungusha hendeli hewani, husimama kwa gurudumu moja, na wakitaka, huendesha kinyumenyume kwa kupiga pedali kwenda nyuma.

Tofauti anaieleza akiwa na magurudumu mawili mezani. La kwanza lina friwili. Anazungusha gurudumu, meno ya kushika mnyororo hayasogei na friwili inalia tikitiki. "Hii ukiacha kupiga pedali, baiskeli inajiendea yenyewe na wewe unapumzika."

La pili halina mlio wowote. Akigusa gurudumu, meno yanazunguka nalo. Akilirudisha nyuma, nayo yanarudi. "Hapa hakuna kupumzika. Gurudumu likienda, pedali zinakwenda. Likirudi, zinarudi. Miguu yako na barabara vimefungwa pamoja."

Ufundi huo hakuusomea akiwaza michezo. Kwa miaka mingi alikuwa mkerezaji katika kiwanda cha pampu za maji, mwanamke pekee kwenye safu yake ya mashine. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waliondoka na fedha za mkono wa kwaheri. Yeye aliomba apewe mashine yake.

Ililetwa nyumbani juu ya gari la mchanga, na wanaume sita wakaishusha wakiguna. "Jirani alikuwa ameshusha friji wiki hiyohiyo," mume wake anakumbuka akicheka. "Mimi nikashushiwa chuma. Nilikaa kimya, maana ningefungua mdomo tungegombana."

Ikawa kazi ya kukereza vipuri vya baiskeli za kawaida: ekseli, vikombe vya beringi, nati zilizokufa hesi. Kazi haikuwa mbaya, ila haikumpa raha ile aliyokuwa nayo kiwandani.

Kisha binti yake, mtoto wa pili kati ya watatu, akaanza kurudi nyumbani na magoti yaliyochubuka. Alikuwa amejiunga na kundi la wachezaji wanaofanya mazoezi kwenye uwanja wa zege nyuma ya maghala. Baada ya muda mfupi wakampa jina la Kinyumenyume, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kuendesha akirudi nyuma.

Mama hakuupenda mchezo huo, wala hakuukataza. Mpaka siku ambayo binti aliruka kutoka kwenye jukwaa la kupakilia mizigo, akageuka hewani na kutua akitazama alikotoka. Alipopiga pedali, miguu ilizunguka patupu. Gurudumu likaenda kwake, yeye akaenda kwake. Mtulinga ukavunjika.

"Hospitali nilimwambia, 'Mwanangu, huu mchezo umekwisha,'" Mama Gololi anasimulia. "Akaniambia, 'Mama, mimi sikukosea. Fungua habu uone.' Nilidhani anajitetea tu."

Alikaa na hasira siku kadhaa. Baiskeli aliifungia stoo. Lakini maneno yale yalimkaa kichwani, na asubuhi moja akaitoa, akaifungua.

Kwenye habu ya kawaida isiyo na friwili, gurudumu la meno hufungwa kwa hesi, kama kifuniko cha chupa. Ukipiga pedali kwenda mbele linazidi kukaza. Pembeni yake huwekwa nati yenye hesi za kinyume, ili ukirudi nyuma lisifunguke. Kwa mtu wa barabarani inatosha kabisa.

Hesi alizoziona siku hiyo zilikuwa zimesagika, laini kama ndani ya kikombe. Kila mara binti alipotua akirudi nyuma, uzito wake wote ulikuwa unajaribu kuifungua ile nati.

"Nilikaa chini," anasema. "Nikaona mtoto alisema kweli. Na nikaona kitu kingine: hii ni kazi yangu. Mtu wa kuitengeneza hii ni mimi."

Habu ya kwanza alichomelea meno moja kwa moja. Moto ukapinda chuma, mnyororo ukawa unakaza upande mmoja na kulegea upande wa pili, na kabla ya wiki kuisha pale alipochomelea pakapata ufa. Kinyumenyume, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa shingoni, aliishika akaigeuzageuza. "Mama, hii hata baba asingeipanda kwenda kununua uzi."

Ndipo mama akaachana na hesi, akaachana na moto. Alikereza mwili wa habu ukiwa na ukingo mpana, akautoboa matundu sita, na meno akayafunga hapo kwa boliti sita. Boliti hazijali unakwenda mbele au nyuma. Kani inagawanyika kwa zote, na hakuna kitu cha kufunguka. Ekseli nayo akaifanya nene, ili isipinde mtu akitua kutoka juu.

Binti alipopona, alitaka kwenda nayo kwenye mashindano. Mama akakubali kwa sharti moja: naye awepo.

Wachezaji walitoka miji mingine, wengi wakiwa na baiskeli za bei mbaya. Aliyekuwa akitajwa sana ni kijana mmoja aliyeitwa Mrefu. Zamu ya Kinyumenyume ilipofika, mama yake aliangalia chini. Alimsikia akikimbiza baiskeli, akasikia kimya, kisha matairi yakigonga zege. "Nikasubiri kusikia anaanguka. Nikasikia watu wanapiga makofi. Nilipoinua macho, alikuwa anazunguka kinyumenyume, ananitazama mimi."

Mrefu alikuwa na mzunguko mmoja wa mwisho. Akiwa anajipasha moto, habu yake ikaachia hesi, vilevile kama ile ya zamani ya binti. Hakuumia, ila hakuwa na gurudumu, na waamuzi walikuwa wanasubiri.

Kinyumenyume alikuwa anaongoza. Angekaa kimya, ushindi ulikuwa wake. Badala yake alipindua baiskeli yake, akalegeza nati mbili, akachomoa gurudumu la nyuma na kumpelekea.

"Kama nitashinda kwa sababu chuma chake kimevunjika, nimeshinda nini?" anasema binti, akiinua mabega. "Halafu nilitaka watu waone hiyo habu ikipandwa na mtu mzito."

Mrefu alipanda. Akaruka kutoka jukwaa lilelile aliloruka Kinyumenyume, akatua akirudi nyuma kwa uzito wake wote, habu ikashika. Akatangazwa wa kwanza, Kinyumenyume wa pili.

Mrefu alirudisha gurudumu akiwa amelishika kwa mikono miwili. "Shikamoo mama. Nimeambiwa hii umeitengeneza wewe."

"Marahaba. Iliteleza?"

"Hata kidogo. Naomba unitengenezee yangu."

Mume wake alikuwa na wasiwasi kwamba mkewe ameumia kuona mtoto akikosa nafasi ya kwanza. Jibu alilopewa analirudia kwa kila mteja anayekuja kupima nguo: "Mtoto wangu amekuwa wa pili. Habu yangu imekuwa ya kwanza na ya pili."

Tangu siku hiyo maagizo hayajakauka. Habu hufungwa kwenye magazeti na kusafirishwa kwa mabasi hadi miji ambayo Mama Gololi hajawahi kufika. Kila moja hukaa kwanza kwenye baiskeli ya Kinyumenyume, naye huipiga na kuirusha, ndipo iruhusiwe kuondoka. Baadhi zimerudi mezani kwa mama na maneno mawili tu: "Bado, mama."

Siku hizi kuna kazi nyingine anayoifikiria akiwa ameshika chaki, akichora juu ya bati la mlango. Mtaani kwao yupo fundi viatu asiyetumia miguu, anayesafiri kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayosukumwa kwa mikono. Ina friwili. Akiingia kwenye uchochoro uliozibwa, hawezi kurudi nyuma. Hukaa hapo mpaka apite mtu wa kumvuta.

Habu isiyo na friwili ingemrudisha, lakini kwenye mteremko mishikio ingezunguka kwa kasi na kumvunja vidole. Mama Gololi anatafuta njia ya kuwa na vyote viwili: friwili ya kwendea mbele, na pini ya kusukuma ndani ili kuifunga friwili mtu akitaka kurudi nyuma.

Amekwisha kukereza mbili, na zote mbili hazijamridhisha. Ya tatu iko mashineni.

"Jana nilimpitia kazini kwake nikapima upana wa kiti," anasema, akifuta mafuta vidoleni. "Akaniuliza itachukua muda gani. Nikamwambia sijui, ila nitaimaliza. Nataka siku moja nimkute uchochoroni, nimsalimie, na yeye arudi nyuma mwenyewe anipishe njia."