Tepe za Kijito cha Hanratty

Wifi yangu Arlys Kvamme ana mdomo, na hilo nalisema kwa mapenzi. Tumekaa nyumba jirani tangu niolewe na kaka yake, na sijawahi kumwona akimpita mtu mwenye fimbo ya kuvulia bila kumsimamisha. Atamuuliza anatoka wapi, atamwomba amwonyeshe ndoano yake, na kabla mgeni hajaelewa kinachoendelea Arlys ameshatoa koleo mfukoni na kukibana kile kijino cha ndoano mpaka kikalala. "Sasa itachomoka bila kumchana samaki," atasema, "na wewe itabidi ujifunze kuvua, maana ukilegeza mshipi tu amekwenda." Wengine hucheka. Wengine humtukana wakishafika mbali.

Alikuwa mpishi wa shule yetu hapa Salter mpaka magoti yakamshinda. Nusu ya wanaume wa mji huu wamekulia viazi vyake, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumwambia anyamaze. Alipostaafu, mto ndio ukawa kazi yake. Baba yao alikuwa akirudi na stilihedi, wale samaki wakubwa wanaopanda kutoka baharini kuja kutaga mtoni, wa kujaza ndoo, na majirani wanagawiwa. Siku hizi mtu anaweza kurusha mshipi majira yote ya baridi, mvua ikimwingia shingoni, asiguswe na samaki hata mmoja, na kesho yake akaamka kwenda tena. Usiniulize kwa nini. Mume wangu ni mmoja wao na mimi nimekata tamaa ya kuelewa.

Sheria ya huku ni nyepesi. Samaki aliyelelewa kwenye kituo cha kuzalishia samaki hukatwa kile kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia, na huyo unaweza kumla. Mwenye kipezi chake ni wa mto wenyewe, unamrudisha. Wendell Pruitt alijulikana kwa kutoangalia vipezi. Alifanya kazi kiwanda cha mbao mpaka kilipofungwa, na baada ya hapo jokofu lake lilitegemea mto.

"Kipezi kikishaingia sufuriani hakionekani," alikuwa akimwambia Arlys, kumchokoza tu.

"Na wewe ukishaingia jela utaonekana vizuri," Arlys anamjibu.

Walichokozana hivyo miaka na miaka. Halafu siku moja, chini ya daraja, mbele ya duka langu la chambo, Wendell akanasa jike kubwa lenye kipezi chake. Sote tulitoka nje kutazama. Alipiga magoti majini, hakumwinua hata kidogo, akamshika kwenye shina la mkia akimwelekeza kule maji yanakotoka, mpaka samaki akapata nguvu na kujitoa mwenyewe mkononi. Arlys alilia waziwazi, watu wakimtazama.

"Usilie, mpishi," Wendell alisema akijifuta mikono. "Nimeachia chakula changu cha jioni, kwa hiyo leo nakula kwako."

Alikula kwake, na tangu hapo kila majira ya kuchipua walitembea mtoni pamoja kutafuta viota. Stilihedi jike huchimba kokoto kwa mkia, akataga, akafukia. Wiki za mwanzo pale mahali panang'aa, kama ua lililofagiliwa. Baadaye ukoko wa kijani unarudi juu ya mawe na hakuna jicho litakalokuambia kwamba chini yake kuna mayai au vifaranga wanaosubiri kutoka. Mvuvi anavuka na suruali yake ya mpira, anakanyaga mara moja, kizazi kizima kimekwisha, naye hata hajui. Kwa hiyo Arlys alifunga tepe kwenye matawi ya ukingoni, kila utepe ukitazamana na kiota. Wa njano maana yake samaki ameshaondoka, yamebaki mayai. Wa buluu maana yake samaki bado yuko juu ya kiota, usimsumbue. Viota vingi vilikuwa kwenye Kijito cha Hanratty, ambako kuvua ni marufuku mwaka mzima na maji hayafiki gotini.

Mwezi wa tatu, siku ya mvua, wageni wawili waliingia dukani kwangu kuota moto. Walikuwa na adabu. Walivua kofia. Mmoja aliuliza zile tepe alizoziona kutoka barabarani ni za nini, na Arlys, aliyekuwa ameketi pale karibu na jiko, akafurahi kiasi cha kunikatia pai yangu mwenyewe ya tofaa na kuwagawia. Aliwaeleza kila kitu. Jinsi kiota kinavyochimbwa, kwa nini samaki asitolewe majini kwa ajili ya picha, njano ni nini, buluu ni nini, kijito kinaanzia wapi. Waliuliza maswali mazuri.

"Wanasikiliza, wifi," aliniambia walipotoka. "Tukipata vijana kumi wa namna ile mto huu umepona."

Wiki hiyohiyo alirudi kutoka Hanratty akiwa na tope mpaka mapajani. Hakuvua viatu, akakanyaga sakafu yangu mpaka kaunta. Alikuwa ameshika ndoano kubwa ya meno matatu, ile ya kumvuta samaki ubavuni kama gunia, aliyoitoa kwenye mzizi. Kila palipokuwa na utepe wa buluu samaki hayupo. Mayai yalikuwa yametapakaa juu ya mawe, ya rangi ya machungwa, mengine bado yanang'aa. Kwenye tepe za njano hakuna jiwe lililoguswa.

"Aliyefanya hivi anajua kuzisoma tepe zangu," alisema.

"Tulia kwanza," nikamwambia. "Keti, unywe chai."

"Tepe tunazijua watu wawili, mimi na Wendell."

Mimi nilikuwa na wateja, na wale wageni hawakunijia akilini hata kidogo. Yeye ndiye aliyezungumza nao. Jioni kulikuwa na mkutano wa chama cha wavuvi, akaenda na ile ndoano ndani ya mfuko. Mume wangu alikuwepo. Anasema Arlys alisimama, akaiweka ndoano mezani, akataja jina la Wendell mbele ya kila mtu, Wendell mwenyewe akiwa ameketi safu ya nyuma na kikombe cha kahawa.

"Umeniona?" Wendell aliuliza.

"Sikuhitaji kukuona. Nani mwingine anajua buluu ni nini?"

"Mpishi, niliwaachia kwa ajili yako. Miaka yote hii."

"Na sasa ukaona wamekaa kijitoni hawawezi hata kukimbia, njaa ikakurudia."

Hilo la njaa lilikuwa baya. Kila mtu pale alijua kufungwa kwa kiwanda kulimwacha mikono mitupu. Mume wangu anasema Wendell aliweka kikombe chini polepole, akavaa kofia. "Haya, Bi. Kvamme," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu akiwa mtoto wa shule aliyeshika sahani.

Kwetu wavuvi huingia kwenye kidimbwi kwa foleni. Wa kwanza anarusha, anashuka hatua, anarusha tena, na wa nyuma anafuata, ili kila mmoja apite mahali pazuri na asiwepo wa kung'ang'ania. Ukifika, unauliza tu, "Niingie nyuma yako?" na unajibiwa, "Karibu." Baada ya mkutano ule Wendell aliuliza hivyo chini ya daraja, na hakuna aliyejibu. Niliona kutoka dirishani. Alisimama kidogo na fimbo yake, kisha akapanda gari akaenda. Sikumwona tena upande wetu wa mto majira hayo.

Haukupita muda mrefu askari wa wanyamapori, Ostrander, akaja dukani kununua soksi. Arlys alikuwepo. Ostrander alikuwa na furaha, maana alikuwa amewakamata watu wawili mto wa pili na sanduku la barafu lililojaa samaki wa asili.

"Na Hanratty ni wao pia, wamekiri," alisema. "Eti walielekezwa na bibi mmoja mkarimu, akawalisha na pai. Hebu fikiria. Wanadhani mimi mtoto."

Akacheka, akalipa, akaondoka. Nilimtazama Arlys. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti na uso umemwisha damu.

"Nimewaua mimi, wifi," alisema. "Kwa mdomo wangu. Nimewaonyesha mlango na taa nikawawashia."

"Hukujua."

"Na Wendell?"

Nilimwambia aende leo hii, kabla chai haijapoa. Akasema kesho. Kesho akasema anatafuta maneno, na mimi nikamwambia mtu aliyesimamisha kila mvuvi wa jimbo hili leo anatafuta maneno? Hakucheka. Alichofanya ni kumweleza mwenyekiti wa chama, na mwenyekiti akatangaza mwisho wa mkutano, baada ya habari za paa linalovuja, kwamba ile kesi ya Hanratty haimhusu mwanachama yeyote. Wendell hakuwepo. Nusu ya watu walikuwa wamesimama wanatafuta makoti. Jina lililotajwa kwa sauti lilisafishwa kwa kunong'ona.

Sikufurahishwa naye, na nilimwambia. Nampenda wifi yangu, lakini nilimwona sokoni akimkwepa Wendell nyuma ya rundo la viazi, ameinama na magoti yake mabovu, anajifanya anachagua. Mwanamke aliyewahi kumfokea hakimu kwa sababu ya kijino cha ndoano. Usiku hakuwa akilala vizuri. Kwangu alikuja asubuhi na macho mekundu akisema ameota mayai juu ya mawe. Alipanda Hanratty peke yake na kisu, akakata tepe zote, za njano na za buluu, akazichoma kwenye jiko langu. Alisema tangu sasa viota vitakaa kichwani mwake tu. Na wageni walipomuuliza chochote juu ya samaki, alijibu kwamba hajui.

Mwaka ukazunguka. Majira ya kuchipua alitembea mto peke yake, na mimi nikimfuata siku zile ninazoweza, kwa kuhofia asianguke. Siku moja tulikuwa ukingoni, pale Hanratty inapoingia mto mkubwa, ndipo wavuvi wanapovukia. Stilihedi mmoja alikuwa ametaga katikati ya kivuko kile mapema sana, na ukoko ulikuwa umeshafunika. Mimi nilitazama nikaona mawe tu.

Upande wa pili mtu akaingia majini na fimbo. Alikuwa Wendell. Hakutuona. Alikuwa anavuka taratibu, anapapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga, kama Arlys alivyomfundisha, na alikuwa anakuja moja kwa moja juu ya kiota.

Nilimsikia wifi yangu akihema. Angekaa kimya tu, Wendell angepita asijue, na wao wawili wasingelazimika kutazamana. Nilijua alilifikiria hilo kwa sababu alinishika mkono kwa nguvu.

"Wendell," aliita. "Simama hapohapo."

Alisimama. Maji yalikuwa mapajani mwake. Alipoona ni nani, uso ukawa mgumu.

"Nimefanya nini tena, Bi. Kvamme?"

"Hujafanya kitu. Kuna kiota mbele ya mguu wako. Hukioni, hakionekani. Rudi nyuma kwa nyayo zako."

Alitazama chini, kisha akarudi hatua moja moja, kinyumenyume, na maji yanamsukuma. Arlys hakungoja afike ukingoni.

"Ni mimi niliyewaambia wale watu," alisema, kwa sauti iliyomfikia. "Nilikaa dukani kwa huyu wifi yangu nikawafundisha buluu ni nini. Kisha nikasimama nikakupaka wewe matope. Nimelijua mwaka mzima, Wendell, na nimekuwa nikijificha. Nisamehe."

"Nilisikia," Wendell alisema. "Ostrander aliniambia mwaka jana."

"Mbona hukuja kunitukana?"

"Nilikuwa nakungoja uje wewe."

Arlys alijipangusa uso kwa mkono wa koti lake, na nilijua anakwenda kumpa kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo. "Vuka pale juu, penye mawe makubwa, ni salama. Njoo upande huu. Nimeviweka vyote kichwani, hakuna mwingine anayevijua. Twende nikuonyeshe kimoja kimoja, tuvitunze kama zamani."

Wendell alikunja mshipi wake. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa anamtazama kwa huruma.

"Usinionyeshe," alisema. "Siku kikiguswa kingine, ni nani atakayeulizwa?"

Akapanda ukingo wa upande wake, akaweka fimbo begani, akaondoka kupitia kwenye misonobari. Tulibaki pale hadi mvua ikaanza. Nilimwambia Arlys twende. Akasema nitangulie, yeye atakaa kidogo, maana kuna wengine wanaweza kuja kuvuka na hakuna wa kuwaambia.