Mapumziko Yangu Chonyonyo

Mwezi uliopita nilipanda lori la kahawa kutoka Bukoba, nikaenda Chonyonyo kutazama vilima na kupumzisha kichwa siku mbili. Asubuhi ya kwanza niliketi juu ya jiwe, viatu miguuni, mikono mitupu. Mara akaja mwenye migomba ya pale chini, jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akatazama viatu vyangu, kisha ninakotazama. "Bwana karani, Mwingereza anakitaka kilima hiki?"

"Hapana, mzee. Napumzika tu."

"Aliyekuja kupima upande ule naye alisema anapumzika. Waliokuwa wakiishi kule sasa wako kwa shemeji zao."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaketi kando yangu, na kila nilipogeuza shingo naye akageuza yake. Bondeni majirani waliacha kulima, wakasimama kututazama. Kufika adhuhuri nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuja.

Siku ya pili nikaiacha, nikaaga. Mzee akanikatia mkungu wa ndizi, akaubeba mwenyewe kichwani, akanisindikiza hadi barabarani, akasimama pale mpaka lori nililopanda lilipopinda kona.

Nimewahi kufukuzwa mahali pengi, lakini si kwa adabu namna ile. Ningekuwa yeye, ningekata mikungu miwili.