Jino la Batuli

Mnione mbaya mkitaka. Mie Kuruthumu sijazoea kuomba radhi, na sitaanzia kwa Batuli.

Batuli ni mtoto wa kaka yangu Rehani. Ana miaka kumi na tisa, na Miono nzima inamwita kigego. Kwetu mtoto akitanguliza meno ya juu ni nuksi, atamaliza ukoo. Zamani walitupwa porini. Siku hizi kuna serikali, hawatupwi, wanasemwa tu. Na tumemsema, wallahi! Kisimani wenzake wakimwona kachota, wanamwaga maji yao. Rehani alipogongwa na lori pale Msata, msiba mzima ulimtazama yeye, mtoto wa miaka sita, kashika kikombe cha uji. Posa ilikuja mara moja, kutoka Mkange. Walipopata habari hawakurudi hata kuulizia barua yao.

Aliyemlea ni mama yangu, Bi Mwanamvua. Walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja. Watu wakimwuliza kama haogopi, alijibu, "Niogope nini, na uzee huu?"

Sasa sikilizeni. Batuli si kigego. Anayeangalia ufizi wa mtoto ni shangazi, na shangazi ni mie. Asubuhi ile mama yake, wifi yangu Saida, alikuwa kanisema mbele za watu kwamba tumbo langu ni gunia tupu. Nikampakata mtoto, nikapitisha kidole. Jino liko chini, dogo, kali. Nikapiga ukelele, "Juu! Jamani, la juu!" Saida alilia, akaapa ni la chini, lakini mama wa mtoto atasema nini kingine? Talaka aliipata kabla ya Magharibi, akarudishwa kwao peke yake. Nilifurahi, nisiwafiche.

Alhamisi iliyopita mama yangu alifariki. Tukafunga kanga mlangoni, maji yakawa tayari. Batuli akaja, keshatawadha.

"Naomba nimwoshe bibi," akasema. "Hili tu, sitaomba jingine."

Bi Rukaya, mwosha wetu, akamzuia kwa kiwiko. "Mkono wa kigego haugusi maiti. Unataka afuate nani?"

Batuli hakubishana naye. Akanigeukia mie.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Mama aliapa lilikuwa la chini. Wewe ndiye uliyeniangalia. Bibi huyo hapo kalala, sema mbele yake."

Wanawake wote wakanitazama. Neno moja tu, nalo lilinifika ulimini. Lakini nikaziona nyuso zile zitakavyobadilika, miaka yote hiyo inigeukie mie, na Rukaya aniambie nami nitoke nje. Lo! Na maiti ni mama yangu!

"La juu," nikasema. "Lilikuwa la juu, Batuli."

Akaitika kwa kichwa. Akarudi nyuma hatua mbili tatu, asije akatugusa. Kisha akauliza kwa adabu, kama anayeuliza njia, "Kwa hiyo bibi nimemwua mie?"

Rukaya akanipa kata ya maji, tukaanza kumwosha mama, upande wa kulia.