Mtego Juu ya Magunia

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ni mtu wa semina. Tangu astaafu kazi ya reli na kujijengea nyumba Voi, hakuna mkutano wenye chai na chapati unaompita. Amesomea ufugaji wa nyuki na hana mzinga hata mmoja. Amesomea malezi ya vijana, na vijana wake mwenyewe hawampigii simu. Kisha akaenda semina ya kuhifadhi nafaka, na balaa likatushukia sisi wa Mwatate.

Mavuno yalikuwa yameingia. Ndovu walituachia shamba, jambo ambalo halitokei kila mwaka, na mahindi yale ndiyo yangetulisha nyumba nzima hadi mavuno mengine. Mama mkwe alikuwa ameyapanga kama alivyofundishwa na mama yake: yakiwa na maganda yake, darini juu ya meko, moshi uyapitie asubuhi na jioni. Shemeji akaja, akatazama juu, akacheka. Akasema huo ni ushamba. Basi tukayashusha, tukayapukuchua, tukayatia kwenye magunia na kuyapanga stoo. Mume wangu, ambaye mbele ya kaka yake ni mpole kama maji mtungini, ndiye aliyeyabeba magunia.

Hapo ndipo shemeji akatoa mtego wake wa dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani. Ulikuwa kikopo cha plastiki chenye kidonge cha mpira ndani, kinachotoa harufu ambayo sisi hatuisikii lakini dumuzi huifuata kutoka mbali. Akakitundika kwa kamba katikati ya stoo, juu kabisa ya magunia, maana kwetu kinga yoyote hutundikwa pale pale panapokingwa. Akasema dumuzi wataingia humo wafe, akamalizia kwa sala.

Kweli waliingia. Kila alipokuja kutoka Voi alikitikisa kile kikopo, akamwaga maiti kwenye gazeti, akaita majirani waje waone. Kadiri kilivyojaa ndivyo alivyovimba kichwa. Mimi nikiweka sikio kwenye gunia nilikuwa nasikia wadudu wakitafuna. Nilimwambia.

"Mama," akanijibu, "wewe hesabu waliokufa, usihesabu kelele."

Nikaona heri niende mjini kwa afisa wa kilimo, msichana mwenye subira kunishinda. Aliniuliza mtego tumeuweka wapi. Nilipomwambia alishika kichwa. Alinieleza kwamba dumuzi dume akipata mahindi mazuri hutoboa, akatulia humo, kisha hutoa harufu ya kuwaita wenzake waje, chakula kipo na yeye yuko peke yake. Majike huja, na madume wengine nao hawabaki nyuma. Kile kidonge kimetengenezwa kuiga wito huo. Mtego ni wa kujua kama dumuzi wamefika eneo lenu, na hutundikwa mbali na ghala, huko vichakani. Wachache huingia kikoponi. Waliobaki wakikuta magunia yamepangwa hapo chini, watahangaika na kikopo kwa nini?

"Mmewaita karamuni," akasema, "na chakula mmekwisha kuwaandalia."

Nikauliza mbona semina haikusema hayo. Akasema ilisema, mchana, baada ya watu kula. Sikuhitaji kuuliza zaidi, maana shemeji akishakula huaga.

Alinieleza pia kwamba jike akifika, yule dume hupunguza harufu yake. Amepata alichokuwa akikitafuta, basi, ananyamaza. Huyo ni mdudu. Shemeji yangu watu wakishafika ndipo anapoanza.

Nilirudi nikaking'oa kile kikopo, tukafungua magunia. La kwanza nililinyanyua kwa mkono mmoja. Mama mkwe alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa vumbi na maganda ya punje. Akaketi sakafuni akalia. Hata siku tulipomzika baba mkwe sikumwona akilia vile. Nilimchukia shemeji siku hiyo, na sijaacha.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye mahindi yake hayajawahi kutoka juu ya meko, alisikia, akatuletea debe moja. Punje zilikuwa nzima, ngumu, zinang'aa. Akasema safari hii kwake hajaona hata dumuzi mmoja, na hajui walikwenda wapi. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu ya lile debe.

Shemeji alikuwa amekuja siku hiyo. Alichota punje kiganjani, akazigeuzageuza, akatabasamu.

"Mnaona?" akasema. "Mtego wangu umelinda mpaka kwa jirani."

Kisha akauliza ugali utaiva saa ngapi. Mama mkwe, ambaye hajawahi kumnyima mwanawe chakula, alilivuta lile debe karibu na miguu yake, akamwambia arudi Voi mapema, huenda leo kuna semina.