Wali wa Kikombe Kimoja

Fundi viatu hupima wali wake kwa kikombe cha kahawa, na kuusawazisha kwa kidole kilichoganda gundi. Huanza na mboga, kisha maharage. Wali huubakiza mwisho, kama mtoto anayeificha nyama, na akiufikia hufumba macho. Ndivyo anavyoutuliza ugonjwa wake wa sukari bila kuuacha wali.

Jana shemeji yake, mjane wa kaka yake, alimsogezea sufuria. “Ongeza bwana, shemeji. Kijiko kimoja tu kitakuua?”

Fundi alinyoosha mkono rafuni, akashusha kiatu cha kulia chenye soli mpya. Alikuwa amemshonea kaka yake. Mguu huo ukakatwa kwa sababu ya sukari kabla hajakivaa.

“Naye ulimwambia hivyohivyo,” alisema, akakiweka kando ya sufuria. Kisha akaufikia wali wake, akafumba macho.